Sahani ya kabwela inaanzia Kiwira

Kila jioni malori yaliyosheheni mikungu ya ndizi huondoka Kiwira, hupanda Isongole, hufika Uyole na kushika barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Katika barabara hiyo hiyo hupita mabasi yaliyobeba vijana wa Rungwe na Busokelo, kila mmoja na begi lake na, mara nyingi, mfuko wa maharage aliofungiwa na mama yake. Safari ya mzigo na safari ya abiria ni moja, zaidi ya kilomita 800. Lakini wakishafika, mambo yao huenda kinyume. Ndizi iliyonunuliwa shambani kwa bei ya kutupa hupanda thamani kila inapopita mkononi mwa mtu mwingine, na kijana aliyeondoka kwao ameshiba huanza kuhesabu milo. Akipiga simu nyumbani huulizwa kama amepata kazi. Ni wachache wanaomwuliza amekula nini.

Leo sisi tunauliza swali hilo, na tunaliuliza kwa makusudi katika safu hii ambayo kwa kawaida hushughulika na barabara, pembejeo na vikao. Kula kwa mtu wa kipato kidogo katika mji mkubwa si jambo la jikoni peke yake. Ni jambo la siasa, kwa maana ile ya zamani ya neno hilo, yaani nani anatoa jasho, nani anakula, na nani amekaa katikati.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Katika idadi hiyo wamo Wazaramo ambao ndio wenyeji, na wamo watu wa kila mkoa wa Jamhuri yetu. Wamo Watanzania ambao wazee wao walivuka bahari kutoka Gujarati, Hadhramaut, Goa na Ngazija, na siku hizi wamo Wakongo wanaokuja kununua bidhaa Kariakoo na Wachina wanaokuja kuziuza. Hata jina la Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya watu waliokusanywa kutoka kila upande, kwa kuwa linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mji wa namna hiyo ni shule ya mapishi. Kijana wetu akienda na macho yaliyofunguka, atajifunza humo namna ya kushiba kwa fedha kidogo, kwa maana kila jamii iliyofika pale ilifika na umaskini wake, na ikaja na akili yake ya kuukabili.

Tutazame mifano michache. Watu wa pwani walikwisha kutambua zamani kwamba maharage yaliyoungwa kwa nazi, pamoja na andazi au chapati, yanatosha kumvusha mtu kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Wahindi wa madhehebu yasiyokula nyama wamejenga miili na biashara kwa dengu, choroko, mbaazi na maziwa, na mtaani katika sehemu za Upanga na Kisutu kachori na bajia za dengu bado ni chakula cha mtu mwenye haraka. Wachaga walileta mtori, ambao ni ndizi na mfupa, na mfupa ni rahisi kuliko mnofu. Wasukuma wana michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa ili visiharibike. Nasi wa Rungwe tunayo mbalaga yetu, ndizi zikipikwa na nyama siku ya neema na na maharage siku nyingine zote, na hizo siku nyingine ndizo nyingi. Usipa wa Ziwa Nyasa, unaoletwa juu kutoka Kyela, ni chakula cha kujenga mwili ambacho hakihitaji jokofu wala bei ya nyama ya ng'ombe.

Sasa mtazame kijana mwenyewe. Amefika mjini, na jambo la kwanza analojifunza ni kwamba chakula cha kwao ni chakula cha kishamba. Mchana utamkuta amesimama mbele ya kabati la kioo akinunua chipsi zilizochovywa katika mafuta yaliyotumika tangu jana, na soda ya baridi pembeni. Viazi vile huenda vilichimbwa katika miteremko ya Uporoto, vikapita mbele ya nyumba ya baba yake. Kwa fedha hiyo hiyo, hatua chache kutoka pale, angepata kwa mama lishe wali, maharage, mboga ya majani na kipande cha papai, na angefanya kazi hadi magharibi bila kizunguzungu. Hatusemi hivi kwa kumdharau kijana. Kasumba ya kudhani kwamba chakula kilichofungwa vizuri ni bora kuliko kilichopikwa na mama mwenye kanga haikuanzia kwake. Ameirithi kwetu wakubwa, kama tutakavyoeleza.

Kuhusu kinywaji tutasema kwa ufupi. Pombe kali za viroba zilizokuwa zikiwamaliza vijana zilipigwa marufuku na Serikali tangu tarehe 1 Machi 2017, na tuliunga mkono hatua hiyo. Dafu linalouzwa juu ya baiskeli ni safi kuliko vinywaji vingi vya rangi. Kahawa chungu ya kijiweni ni rahisi, na mtu huinywa pamoja na habari. Ila maji yasichezewe. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi ya nchi, na waliougua zaidi ni wale wasiokuwa na maji salama. Mtu anayebana matumizi kwa kunywa maji asiyojua yalikotoka hajabana kitu.

Tupige hesabu, maana bila hesabu maneno haya yatakuwa hotuba. Mei Mosi ya mwaka 2025 Serikali ilitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai mwaka huo. Ni hatua kubwa na tunaipongeza. Ukigawa kwa siku 30 unapata shilingi 16,600 na ushee kwa siku. Tuchukue mfanyakazi asiye na jiko, anayekula milo mitatu kwa sahani ya shilingi 2,000. Kwa mwezi atatumia shilingi 180,000, yaani zaidi ya theluthi moja ya mshahara, na ni yeye peke yake, kabla ya kodi ya chumba, nauli, na kile anachotuma nyumbani. Akiwa na mke na watoto watatu, hesabu hiyo haiwezekani kabisa, itabidi wapike. Na wakipika, watakutana na bei ya mkaa. Ndiyo sababu mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, si habari ya kulinda misitu tu. Kwa mpangaji wa chumba kimoja Manzese, gharama ya moto ni sehemu ya gharama ya ugali.

Huyo tuliyempigia hesabu ni mwenye mshahara. Wengi wa vijana wetu hawana. Ni wapagazi wa sokoni, madereva wa bodaboda, wauza mitumba, mafundi wasaidizi. Kipato chao ni cha kutwa, na chakula chao ni cha kutwa. Hao ndio wanaoishi kwa mkono wa mama ntilie.

Jina hilo lina historia. Ni sauti ya mteja mwenye njaa, “mama, nitilie,” anayeomba aongezwe kidogo. Katika miaka ya 1970 viwanda na mashirika ya umma yalikuwa na kantini, na mfanyakazi alikula humo. Uchumi ulipoyumba, mishahara ikapoteza nguvu na kantini nyingi zikafa, akina mama wakatoka na masufuria yao wakalibeba jukumu lile bila kuagizwa na mtu. Wakati huo, hatuna budi kukiri, sisi watu wa Chama na Serikali hatukuwaelewa. Katika operesheni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 wengi waliokuwa wakijitafutia riziki mijini walihesabiwa kuwa wazururaji, wakakamatwa na kurudishwa vijijini. Nia ilikuwa kilimo. Lakini mama anayelisha vibarua 40 kabla ya saa 8 mchana si mzururaji kwa tafsiri yoyote ya neno hilo. Baadaye tukambadilisha jina tukamwita mama lishe, ambalo ni jina zuri, lakini jina halina bomba la maji.

Hapo ndipo penye kiini cha madai yetu. Oktoba 2021 ilipotolewa amri ya kuwapanga upya wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam, barabara zilipata nafasi na watembea kwa miguu walipumua. Hatuna ugomvi na utaratibu. Ila mama lishe si sawa na mwuza viatu. Mwuza viatu akihamishwa, mteja anaweza kumfuata Jumamosi. Mpagazi mwenye njaa na nusu saa ya kupumzika hawezi kumfuata mpishi kilomita tatu. Jengo la Machinga Complex pale Karume lilitufundisha somo hilo kwa gharama kubwa, kwa kuwa lilijengwa imara, na vizimba vyake vingi vikakaa miaka bila watu kwa sababu wateja hawakuwa njia ile. Chakula hufuata kazi. Anayepanga mji bila kulijua hili anapanga ramani tu.

Tunajua kuna watakaosema kwamba mji wa kisasa hauwezi kuwa na masufuria barabarani. Watazame Singapore, ambayo hakuna anayeiita mji wa nyuma. Nchi ile ilikuwa na wapishi wa barabarani maelfu, Wachina, Wamalai na Wahindi, kila mmoja na chungu chake na uchafu wake. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 serikali yake iliwaandikisha, na katika miaka ya 1970 na 1980 ikawajengea masoko ya chakula yenye paa, maji ya bomba, mitaro na meza za pamoja, karibu na makazi na sehemu za kazi. Mwaka 2020 UNESCO iliingiza utamaduni huo wa kula katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nchini Brazil, mji wa Belo Horizonte ulifungua mwaka 1994 mkahawa wa umma unaouza wali na maharage kwa bei ambayo kibarua anaimudu. Hatusemi tuige kila kitu. Tunasema paa, bomba, mtaro na choo si ndoto za kimapinduzi. Ni kazi ya kawaida ya halmashauri, na ushuru wa siku ambao mama lishe anatozwa unatosha kumpa haki ya kuvidai.

Tumezungumza ya Dar es Salaam kana kwamba ni tatizo la watu wa huko. Turudi nyumbani sasa, maana sahani ile ina mwanzo wake hapa.

Azimio la Arusha, lililotolewa mwaka 1967, lilionya jambo ambalo wengi hupenda kulirukia wanapolisoma. Lilisema, kwa maana yake, kwamba tunapozungumza juu ya unyonyaji tusimfikirie bepari peke yake, kwa kuwa wakaaji wa mijini nao wanaweza kugeuka wanyonyaji wa wakulima wa vijijini. Ukiisimamia biashara ya ndizi leo, utaona kwamba onyo lile halijazeeka, ila limepata kipengele kipya. Siku hizi mkulima wa Rungwe ananyonywa, na mlaji kabwela wa mjini naye ananyonywa, na wote wawili wananyonywa na mlolongo mmoja.

Mkungu huuzwa kwa macho. Dalali huutazama, huupiga kwa kiganja, husema bei. Mkulima aliyeamka alfajiri na kuubeba kichwani hana namna ya kubisha, kwa sababu hakuna mizani, na kwa sababu ndizi iliyokatwa haisubiri. Viazi navyo hufungwa lumbesa, gunia lenye kilemba cha nyasi juu yake, ambalo sheria ya vipimo imelikataza na ambalo bado tunaliona mchana kweupe kando ya barabara. Ule uzito wa ziada ni chakula kilichotolewa bure. Angeupata bure mlaji, tungesema ni sadaka. Lakini mzigo ukifika mjini hufunguliwa, hupangwa mafungu, na kila fungu huuzwa kwa bei kamili. Mzigo uliokuwa mkubwa Kiwira huwa mdogo Mabibo.

Jambo hili huonekana wazi zaidi katika mwezi wa Ramadhani. Sisi tuliopitia chuo kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa mapema kwamba israfu katika kula ni kosa, na kwamba kumfuturisha mfungaji kuna malipo yake kwa Mwenyezi Mungu. Futari ya watu wa Dar es Salaam ni mihogo, viazi vitamu, magimbi, maharage na ndizi mbichi. Kila mwaka mwezi ukiandama bei za vyakula hivyo hupanda, na kila mwaka viongozi wa dini na wa Serikali huwasihi wafanyabiashara wasifanye hivyo. Masikio hayasikii. Tungevumilia kama ongezeko lile lingemrudia aliyelima, kwa kuwa naye ana ada za shule za kulipa. Lakini waulize wakulima wa Kiwira kama bei ya mkungu shambani huupokea mwezi mtukufu kwa kasi ile ile. Ndizi inayofuturisha mji mzima inatoka katika migomba ya watu ambao wengi wao si Waislamu, na wanaitoa kwa bei ya siku zote. Anayefaidi mfungo huo amekaa njiani, na dini yake sisi hatuijui.

Nini kifanyike? Kwanza, mizani. Soko linalopeleka chakula katika mji wa watu zaidi ya milioni tano haliwezi kuendelea kuuza kwa makofi. Halmashauri iweke mizani Kiwira na katika masoko ya Tukuyu, na ndizi iuzwe kwa kilo. Tunatambua kwamba mkungu una mti wa katikati usioliwa, na kwamba wanunuzi wataliinua hilo kama hoja. Basi kikonyo kikubaliwe kiasi chake, kiandikwe ukutani, biashara iendelee.

Pili, wakulima wadogo wautumie mwanya ambao Serikali iliufungua na ambao wengi hawaujui. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa ushuru. Kwa nini kikundi cha akina mama wa Rungwe kisipatane moja kwa moja na kikundi cha mama lishe wa Manzese au Buguruni, wakapelekeana ndizi na maharage chini ya kiwango hicho kila wiki? Simu ipo mkononi, fedha hutumwa kwa simu, na mabasi hupita kila siku. Ushirika ulianza na mambo madogo kuliko hayo. Walanguzi nao walianza na moja.

Tatu ni sisi wenyewe, na hapa tutasema bila kuficha uso. Tumehudhuria semina nyingi, mjini Mbeya na kwingineko, za kuhimiza kilimo na lishe bora. Katika nyingi ya hizo, meza ilikuwa na juisi ya maboksi iliyovuka bahari, maziwa ya unga kwa ajili ya chai, na pilau iliyoletwa na mpishi wa kukodi kwa bei ambayo mama lishe wa mlango wa pili angewalisha wajumbe wale wale kwa siku tatu. Wilaya yetu ina ng'ombe wa maziwa katika kaya nyingi, ina chai katika vilima vyake, ina parachichi zinazosafirishwa hadi Ulaya. Halafu wajumbe wa wilaya hiyo wanakoroga unga wa maziwa kutoka ng'ambo na kujadili soko la mkulima! Kijana anayedharau mbalaga alituona sisi kwanza. Kikao kijacho cha ngazi yoyote ya wilaya kinywe maziwa ya Rungwe na kile chakula cha mama lishe aliye karibu, kwa stakabadhi, na posho iliyobaki irudishwe.

Halmashauri zote nchini hupitisha makisio yao katika miezi ya mwanzo wa mwaka, kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Kwa hiyo mizani tunayoidai, na mabomba wanayoyadai akina mama wa Dar es Salaam, ama yataonekana katika vitabu hivyo ama hayataonekana, na madiwani wanajua kwamba wananchi siku hizi wanavisoma.

Kwa upande wetu, siku ya kwanza ya mfungo ujao tutakwenda Kiwira asubuhi kuuliza bei ya mkungu. Jioni tutampigia simu mtu wetu aliyeko Mabibo atuambie fungu la ndizi linauzwaje kule, na sahani ya futari inauzwaje kwa mama lishe wa jirani yake. Bei hizo tatu tutazichapa katika safu hii, pamoja, bila maelezo.